Vani Iliyoliwa na Kutu: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Muulize mwenye vani kuukuu hapa Nairobi kwa nini haiuzi, atakujibu: injini iko sawa. Mara nyingi anasema kweli. Toyota HiAce ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 5L, au Nissan Caravan yenye ile iitwayo TD27, ni mashine zisizo na makuu. Pampu yake ya dizeli fundi anaijua, haina kompyuta ya kusumbua, na ukishuka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, hukosi pistoni wala gasketi. Injini ikichoka inafanyiwa oveholi na kurudi kazini. Ndiyo maana injini si kitu cha kukuamulia. Kinachoziondoa vani hizi barabarani ni bodi, na bodi haina oveholi.

Namwandikia mtu mwenye gari la kazi: anayechukua sukuma na vitunguu Marikiti alfajiri, anayesambaza mitungi ya gesi, anayekodisha viti na mahema, anayepeleka watoto shule. Gari likilala, nyumbani kunalala njaa. Ana njia mbili mbele yake: kutengeneza aliyo nayo, au kuiachilia na kutafuta nyingine. Nitazilinganisha kwa pesa pia, lakini pesa zitasubiri kwanza. Mtu anayepiga hesabu kabla ya kulala chini ya gari na tochi anabahatisha.

Kutu imekaa wapi

HiAce haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Mihimili yake ya chini imechomelewa kwenye bodi, hivyo sakafu, vizingiti vya milango na mihimili hubeba mzigo kwa pamoja. Kutu ya sehemu moja inaweza kuwa kasoro ya sura tu, na kutu ya ukubwa ule ule hatua mbili kutoka hapo ikawa hatari kwa maisha.

Tuanze na kutu ya ngozi. Hii hukaa chini ya mlango wa nyuma, ukingoni mwa madigadi, kwenye ngazi ya kupandia, chini ya taa. Inaudhi macho na kushusha bei, lakini hata ukiiacha miezi sita gari bado litasimama likipigwa breki. Kutu ya mifupa ni jambo jingine kabisa. Iangalie kwenye mihimili miwili mirefu inayotoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, pale zile fito za chuma zinazobeba uzito wa mbele zinapojikita, kwenye mshiko wa boksi ya usukani, kwenye vizingiti, na kila mahali palipofungwa boliti ya mkanda wa usalama. Fuata pia mabomba ya breki kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Hayo ni rahisi kubadilisha, lakini yakipasuka ukiwa unateremka na tani moja ya mzigo hakuna atakayekuuliza rangi ilikuwa nzuri kiasi gani.

Vani nyingi za mizigo za hapa ziliwahi kuwa matatu, na hilo lina ugonjwa wake. Inua zulia au plaiwudi ya sakafuni. Chini yake utakuta matundu ya boliti za viti, mengine yamezibwa kwa silikoni, mengine yako wazi kabisa. Matatu huoshwa ndani kwa maji, na maji yale yalishuka kwenye matundu hayo yakakaa kati ya bati la sakafu na mhimili ulio chini yake, mahali ambapo jua wala upepo haufiki. Kuzunguka kila tundu utaona duara la kahawia. Lidunge kwa bisibisi. Likigoma, una bahati. Likizama na kutoa unga, jua kwamba upande wa chini wa mhimili ule uko hivyo hivyo au umezidi.

Angalia na madirisha. Baadhi ya matatu ziliingia nchini zikiwa vani za bati tupu, madirisha yakakatwa hapa hapa kwa msumeno au gesi, kisha mpira ukapachikwa. Ukingo uliokatwa bila kupakwa praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hushika kutu chini ya mpira, maji yanateremka ndani ya ukuta wa bodi na kujaa kwenye kizingiti. Ukiona kizingiti kimeoza upande mmoja tu, chanzo huenda kiko juu dirishani, na ukitengeneza kizingiti peke yake utarudi tena gereji. Kama muuzaji anakana kwamba gari lilikuwa matatu, tafuta kwenye kingo za milango mabaki ya ule mstari wa manjano ulioletwa na sheria za matatu za waziri Michuki mwaka 2004.

Vani ya samaki nayo ina mambo yake. Barafu inayeyuka njia nzima toka Gikomba hadi kwa mteja, na maji yake hutafuta kona ya nyuma ya sakafu. Hapo anza kukagua kabla ya penginepo.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: tochi, bisibisi, nyundo ndogo, na sumaku ya spika mbovu uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Gonga kwa nyundo ukisikiliza. Bati zima hulia, bati lililooza au lililojazwa fila, ule udongo wa kusawazisha bodi kabla ya rangi, hutoa sauti butu. Pitisha sumaku juu ya madigadi na vizingiti, na inapoacha kushika, chini ya rangi hakuna chuma cha maana. Usisahau sakafu ya mbele. Kwenye vani hizi injini iko chini ya viti vya mbele, na tundu la sakafuni huruhusu moshi wa ekzosti kuingia kwa dereva. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na foleni za jioni ni ndefu.

Kuna jambo moja la karatasi hapa. Tafuta namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma, isome, ilinganishe na logbook, yaani hati ya umiliki wa gari. Kama kutu imeifikia, au kama bati lenye namba hiyo ndilo linalohitaji kukatwa, simama hapo. Kwa serikali namba hiyo ndiyo gari lenyewe. Ikipotea au ikionekana kuchezewa, huwezi kuuza wala kupita ukaguzi kwa amani.

Fila, au kukata na kuchomelea

Watu wengi wanaosema walijaribu kutengeneza ikashindikana, walichofanyiwa ni fila. Fundi anatazama mlango ulioota malengelenge, anasema, "Mkubwa, hii ni kazi ya siku mbili. Nakupigia fila, naspray, hutajua ilikuwa na kutu." Hakudanganyi: hutajua, mpaka mvua ije. Kutu iliyofunikwa bado ina unyevu, na fila yenyewe hunyonya maji inapopata ufa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inasukuma kutoka ndani. Gari lililopakwa Januari likimeremeta juani huanza kutoa vipele mvua za Machi hadi Mei zikimalizika.

Swali la kumuuliza fundi ni hili: "Utakata mpaka wapi?" Anayejua kazi atakuonyesha kwa kidole mstari ulio nje ya kutu, ndani ya bati zima, na atakuonya kwamba mstari huo utasogea akishaanza kukata. Atakayesema atabandika kiraka juu ya bati bovu, mshukuru uende zako. Kati ya mabati mawili yaliyolaliana bila kusafishwa, kutu inaendelea kula kimya kimya.

Uliza bati lenyewe. Kwa ngozi ya bodi mafundi hutumia geji 20 au karibu na hapo, kwa vizingiti na sakafu geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2. Mhimili unataka chuma kinene zaidi, kilichokunjwa kufuata umbo la asili. Bati la paa halifiki hata nusu milimita, na bado nimeliona sakafuni mwa magari yanayobeba watu. Sina neno la upole kwa kazi ya aina hiyo. Likiwa la zinki, moshi wake wakati wa kuchomelea humpa fundi homa na baridi usiku huo, na kiungo chenyewe hakishiki vizuri.

Mashine pia ina maana. Welda ya stiki, ile ya kutengenezea mageti, hutoboa bati jembamba na kuacha vinundu. Gesi hushika, lakini joto lake hupinda bati na kuchoma rangi eneo kubwa. Kwa bodi ya gari tafuta mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba. Kariobangi Light Industries na Industrial Area wapo, na bei yao iko juu ya yule wa kando ya barabara kwa sababu ya kweli.

Kabla ya cheche ya kwanza, betri itolewe nyaya, viti na mazulia yatoke, tangi na mabomba ya dizeli yaondolewe kama kazi iko karibu nayo, na kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu, si kwenye stoo. Baadaye, kila kiungo kipate praima ya zinki, silanti ya kuzibia maji kwenye maungio, halafu andakoti, ile rangi nzito ya chini ya gari. Ndani ya kizingiti, mahali ambapo brashi haifiki, panyunyiziwe nta au grisi nyepesi, na matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Wengi huyaziba kwa andakoti na kugeuza kizingiti kuwa birika. Wengine hupulizia oili chafu ya injini chini ya gari. Oili hiyo hufukuza maji kwa muda, lakini inaharibu mipira ya springi na kuchafua udongo, na siku ya kuchomelea inawaka.

Kisha weka sharti hili, hata ukionekana msumbufu: kazi ikaguliwe kabla ya rangi. Lipa kwa awamu, na awamu kubwa itoke baada ya wewe kuona viungo vikiwa uchi. Rangi ikishapita, kazi nzuri na mbovu zinafanana.

Hesabu ya miezi

Bei hutofautiana sana, kwa hiyo chukua tarakimu hizi kama mfano na uweke zako mahali pake.

Tuseme bodi itagharimu shilingi 180,000, mabomba ya breki, mipira na mengine utakayokuta njiani 57,000. Gari litalala gereji siku 18 za kazi, nawe utakodi jingine kwa 3,500 kwa siku, yaani 63,000. Jumla 300,000. Ongeza kitu ambacho karibu kila mtu hukisahau: kama ungeliuza lilivyo ungepata 200,000, na kwa kulibakiza umeziacha hizo. Baada ya miaka mitatu uliuze 180,000. Gharama halisi ni 320,000 kwa miezi 36, karibu 8,900 kwa mwezi.

Upande wa pili, unanunua vani nyingine ya hapa nchini kwa 950,000. Matairi, sevisi ya kwanza na uhamisho wa umiliki, 60,000. Umechukua mkopo, riba yake kwa miaka mitatu 150,000. Mkopeshaji anadai bima kubwa badala ya ile ya mtu wa tatu, ongezeko la 120,000 kwa muda huo. Jumla 1,280,000. Ukiiuza mwishoni kwa 650,000, umetumia 630,000, yaani 17,500 kwa mwezi.

Kutengeneza kumeshinda, tena kwa mbali. Lakini sasa chukua ile 320,000 na useme kazi ya bodi ilidumu mwaka mmoja, kisha gari likaanguka ukaguzi. Mwezi mmoja unakula karibu 26,700, na mwisho wake bado unahitaji gari. Kwa tarakimu hizi, matengenezo yanaanza kulipa yakivuka mwezi wa 18. Kila kitu kinategemea muda ambao chuma kitadumu, na hilo hulioni kwenye karatasi ya makadirio. Unaliona chini ya gari, kwenye mihimili, na kwenye mstari aliouchora fundi kwa kidole.

Kama gari ni la biashara kumbuka pia ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Wengi hupeleka kituo cha Likoni Road, Industrial Area, baada ya kumaliza matengenezo yote. Ni afadhali kumleta fundi asiyefaidika na kazi hiyo alikague kabla hujatumia shilingi ya kwanza.

Hiyo nyingine unayoitamani

Vani mpya machoni pako ina historia ya mtu mwingine. Ile iliyopakwa rangi upya siku chache kabla ya kuuzwa naiogopa kuliko yenye kutu wazi, maana ya pili angalau imejieleza. Ipitie kwa sumaku na nyundo kama ulivyoipitia yako, plaiwudi ikiwa imeinuliwa. Muuzaji akikataa plaiwudi isiinuliwe, usibishane naye, ondoka.

Ukienda HiAce ya kizazi kilichotoka 2004, jua unabadilisha aina ya matatizo. Bodi ni changa zaidi, lakini nyingi zina injini za 1KD au 2KD zenye mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa unaoongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hunywa kwa adabu. Hazivumilii dizeli chafu, na nozeli zake zikiharibika bili inaweza kufikia gharama ya bodi uliyokuwa unaikimbia. Aliyezoea 5L, ambayo inasamehe mengi, aweke akiba ya nozeli tangu siku ya kwanza.

Kuagiza Japani ni njia safi zaidi kwa mwenye pesa taslimu. Kanuni ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia, hivyo chuma hakijazeeka sana. Juu ya bei kuna kodi, VAT ya asilimia 16 ikiwa mojawapo tu, nazo huwashtua wengi meli ikishatia nanga Mombasa. Omba karatasi ya mnada na usome alama zake: S ni kutu, C ni bati lililoanza kuoza, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kufika hapa likimeremeta juu na likiwa limeliwa chini. Dai picha za chini ya gari.

Nani afanye nini

Kama mihimili ni mizima, kutu iko kwenye ngozi na sehemu moja au mbili za sakafu, injini haimezi oili, na umempata fundi wa kukata mpaka kwenye bati zima, tengeneza. Nasema hivyo bila kusita. Nairobi si Mombasa, hewa yake haina chumvi, na kazi nzuri ya bodi hapa inaweza kudumu miaka.

Kama kutu imefika mshiko wa springi upande mmoja na mhimili una tundu, kukarabati bado kunawezekana, ila ni kwa mzigo tu, na kwa fundi anayejua kurudisha umbo la mhimili gari likiwa limesimamishwa sawasawa lisipinde. Hapo mara nyingi bei inazidi thamani ya gari, nami ningeuza.

Kama unabeba watoto, kipimo changu ni kikali zaidi: ikiwa boliti ya mkanda au ya kiti imeshikwa na chuma kilichooza, gari hilo lisibebe mtoto hata kesho asubuhi, uamuzi wako wa pesa uwe wowote. Mpigie mwenye vani nyingine akusaidie wiki hii.

Njia ya tatu, kuhamisha injini nzima kwenye bodi nyingine iliyo safi, inavutia kwa sababu injini ndiyo unayoipenda. Fanya hivyo ikiwa tu bodi ile ina logbook yake halali, kwa sababu utakuwa unaendesha gari la namba ile, na mabadiliko ya injini lazima yaandikishwe NTSA.

Ukiamua kuuza, uza kwa ukweli, kutu ikionekana, kwa sababu mnunuzi ataibebea familia yake. Anzisha uhamisho wa umiliki mtandaoni na uhakikishe mnunuzi amekamilisha upande wake kabla ya kumkabidhi funguo, la sivyo ajali yake ya mwezi ujao itakutafuta wewe. Kama bodi imekwisha kabisa, injini, gia boksi, milango na vioo vina soko, na kuviuza kimoja kimoja huenda kukakupa zaidi kuliko kuliuza zima. Mabaki yapeleke kwa mnunuzi mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na logbook irudishwe ili gari lifutwe kwenye kumbukumbu. Kwa injini, andikianeni hati ya mauzo yenye namba yake, maana mnunuzi ataihitaji siku atakapokwenda kurekebisha logbook yake.